Malindi: Mgeni Njoo, Mwenyeji Yupi Apone?



Juma hili tunatoka kidogo katika mbuga za Shinyanga na machimbo ya Geita, tuelekee pwani ya Kenya, katika mji wa Malindi ambao wengi huuita Italia Ndogo. Methali yetu tuipendayo, mgeni njoo mwenyeji apone, imejaribiwa huko kwa zaidi ya miaka 500.

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa mshindani wa Mombasa, alimpokea vizuri, akampa chakula na rubani wa kumvusha hadi Calicut, Bara Hindi. Nguzo ya mawe yenye msalaba, ukumbusho wa Wareno hao, ingali ipo. Mwaka 1542 alipita hapo Mtakatifu Fransisko Ksaveri akielekea Goa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia kuwa, kati ya misikiti 17 ya mji, ni 3 tu iliyokuwa na waumini. Paroko yeyote anaielewa huzuni ya mzee yule!

Lakini Wareno walipoitwaa Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walimhamishia huko mfalme rafiki yao. Mfalme alipata kiti kikubwa zaidi; mji wake ukafifia, ukageuka magofu na vichaka. Sayyid Majid wa Zanzibar aliufufua mwaka 1861, kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Hao hawakuponywa na mgeni yeyote.

Hoteli za ufukweni zilianza miaka ya 1930, zikiwahudumia walowezi wa Kizungu. Waitalia walikuja kwa njia ambayo wachache wangeidhania, yaani njia ya anga. Profesa Luigi Broglio alisimamia ujenzi wa jukwaa la kurushia roketi baharini, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikafuata setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988. Waitalia walibaki: nyumba za kifahari, mikahawa ya piza, na vijana wa ufukweni wasemao Kiitalia ambacho hawakukisoma darasani.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha safari za ndege, na wageni wakatoweka. Sisi wa huku tunaijua hali hiyo. Mgodi wa Geita wa zama za mkoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Hapo katikati, aliyekuwa na shamba alilima mihogo na pamba yake.

Malindi, hata shamba hilo lilikuwa na utata. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati wale walioweza kudai mbele ya serikali ya Kiingereza, nao Wagiriama wengi wakahesabiwa maskwota katika nchi waliyoilima. Wajukuu wao ndio wapishi, wafua nguo na walinzi wa milango katika nyumba zile zinazotazama bahari.