Aliyeingia Bila Hodi

Hapa Pemba hatuingii nyumba ya mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi. Kevin Mitnick wa Marekani aliingia katika kompyuta za makampuni bila hodi. Mara nyingi alipiga simu tu, akajifanya mfanyakazi mwenzao, akapewa nywila. Alikamatwa mwaka 1995, akakaa kifungoni takriban miaka 5, akaachiwa Januari 2000. Baadaye makampuni yalimlipa ajaribu kuingia kwao na kuwaonyesha pa kuziba; alidumu katika kazi za usalama wa kompyuta hadi alipofariki mwaka 2023.

Je, ilikuwa haki? Kisiwa chetu kinayajua magendo ya karafuu ya usiku. Nani ajuaye vijia vya mikokoni kuliko aliyevipita? Hata hivyo, ujuzi si toba: kumsamehe mtu ni jambo moja, kumkabidhi funguo za ghala ni jingine. Linalotuelekeza kwa Mitnick ni kwamba alitumikia adhabu, kisha akaingia kwa idhini ya mwenye nyumba.

Bado moja latukereketa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mitnick aliamriwa na mahakama kulipa dola 4,125, ilhali makampuni yalidai hasara ya mamilioni.