Ukimya wa Bonde la Mosel

Mto Mosel unaanzia kwenye milima ya Vosges huko Ufaransa, unapita mpakani mwa Luxembourg, kisha unaingia Ujerumani na kuishia mjini Koblenz, unapokutana na mto Rhine. Una urefu wa kilomita 544. Kati ya Trier na Koblenz haunyooki hata kidogo. Unajikunja na kujikunjua, na karibu kila kona ina kijiji, mnara wa kanisa, na mlima uliopandwa mizabibu kutoka chini hadi juu. Kando ya maji kuna njia ya baiskeli, tambarare karibu yote, na siku za katikati ya wiki unaweza kwenda saa nzima bila kupitwa na gari.

Kiangazi kilichopita wanachama saba wa chama chetu tuliipita njia hiyo kwa siku nne. Vipeperushi vya utalii vinasema utulivu wake ni zawadi ya maumbile. Sisi tulirudi na maoni mengine. Ukimya ule una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni kazi zilizoondoka na watu walioondoka.

Tuanze na njia yenyewe. Kabla ya injini, mashua iliyokwenda na maji ilijiendea, lakini iliyopanda mto ilibidi ivutwe. Farasi walitembea ukingoni, wamefungwa kamba iliyounganishwa na mashua, na watu wakiwahimiza. Wajerumani waliita njia hiyo Leinpfad, yaani njia ya kamba. Ilipaswa kuwa karibu na maji, isiwe na mwinuko wa kuwachosha wanyama, wala miti ya kunasa kamba. Ndiyo maana leo mwendesha baiskeli kwenye sehemu hizo habadilishi gia. Na usafirishaji wenyewe ni wa kale sana. Katika jumba la makumbusho la Trier kuna jiwe lililochongwa mnamo mwaka 220, likapatikana Neumagen mwaka 1878. Linaonyesha mashua ya Kirumi iliyobeba mapipa ya mvinyo, imejaa wapiga makasia, na baharia mmoja anatabasamu. Tulimtazama kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. (Wengi wetu hatunywi mvinyo. Tulikunywa maji ya zabibu kila tulipopumzika, na wenyeji hawakuona ajabu.)

Kisha likaja gari moshi. Reli ya Koblenz hadi Trier ilifunguliwa mwaka 1879, na wahandisi hawakuwa na subira na mikunjo ya mto. Mjini Cochem walitoboa mlima kwa handaki la zaidi ya kilomita 4, wakaukata mkunjo wa mto wenye zaidi ya kilomita 20. Vijiji vya kwenye mkunjo vikabaki nje. Kutoka Bullay kuelekea Trier, reli iliuacha mto kabisa ikapita bara. Baadaye, kati ya mwaka 1903 na 1905, ilijengwa reli nyingine ndogo kwenye ukingo wa kulia. Mvinyo uliuzwa ndani ya mabehewa, na watu wakaipa jina la utani lenye maana ya kigari cha walevi. Katika miaka ya 1960 nayo ilifungwa. Sehemu za tuta lake leo ni njia ya baiskeli.

Lakini reli haielezi umaskini wa bonde hili, na hapo ndipo tulipokaa zaidi katika kusoma.

Baada ya mwaka 1815 eneo hili liliwekwa chini ya Prussia. Mwanzoni wakulima walifurahi, kwa sababu Prussia ilikuwa na mashamba machache ya mizabibu na ushuru wa forodha ulizuia mvinyo wa nje. Watu wakakopa, wakapanda zaidi. Kisha Prussia ikafanya mapatano ya forodha na majirani wa kusini, na mwaka 1834 ukaanza umoja wa forodha wa nchi za Kijerumani. Mvinyo wa kusini ukamiminika sokoni, bei ikaanguka, madeni yakabaki palepale. Katika miongo hiyo watu wengi wa Hunsrück, nyanda za juu zilizo kusini mwa mto, walihamia Brazil. Wajukuu wa wajukuu wao bado wanazungumza lahaja ya Hunsrück kule kusini mwa Brazil, wakiichanganya na Kireno. Sisi ambao Kiswahili chetu tumekipata jikoni kwa mama na kwenye simu na bibi tulisoma habari hiyo mara mbili.

Kijana mmoja wa Trier aliliandika jambo hili gazetini. Karl Marx alizaliwa mjini humo mwaka 1818, na baba yake, wakili, alikuwa na sehemu ya shamba la mizabibu huko Mertesdorf, katika bonde dogo la Ruwer. Januari 1843, akiwa na umri wa miaka 24 na mhariri wa Rheinische Zeitung, alitetea taarifa za mwandishi wa gazeti lake kuhusu dhiki ya wakulima wa Mosel. Serikali ilikuwa imedai kwamba ni uzushi. Hoja yake haikuwa ya kimapinduzi hata kidogo: alisema ofisa hawezi kuiona dhiki ambayo utawala wake mwenyewe umeisababisha, na kwa hiyo magazeti lazima yawe huru kuisema. Miezi michache baadaye gazeti lilifungwa, ingawa si kwa makala hiyo peke yake. Mwaka 1859 Marx mwenyewe aliandika kwamba hali ya wakulima wa Mosel ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kuanza kuchunguza uchumi. Wale waliomsoma Marx kwa bidii pale Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya 1960 na 1970, walikuwa wanasoma fikra iliyopitia kwenye mashamba haya. Bonde la Ruwer nalo leo lina njia ya baiskeli, juu ya reli ya zamani iliyokwenda Hermeskeil.

Dhiki haikuishia hapo. Tarehe 25 Februari 1926 wakulima wa mizabibu waliandamana mjini Bernkastel, wakavamia ofisi ya kodi na kutupa majalada nje. Walikuwa wamebanwa na kodi ya mvinyo huku mvinyo wa bei rahisi ukiingia kutoka nje. Kodi hiyo ilifutwa mwaka huohuo. Leo Bernkastel ni mji wa nyumba nzuri za mbao, umejaa watalii wenye aiskrimu.

Jambo la mashamba yenyewe ni refu, tutaligusa tu. Kugawa ardhi sawasawa kwa watoto wote, desturi ambayo sheria ya Napoleon iliipa nguvu, kuliyafanya mashamba kuwa vipande vidogo mno. Anayejua kesi za mirathi za kwetu hahitaji kuelezwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilipanga upya vipande hivyo na kujenga barabara nyembamba za lami ili trekta zipite. Hizo ndizo barabara za juu, zenye mandhari nzuri kuliko zote. Kwenye miteremko mikali trekta haifiki, kazi ni ya mikono, na wavunaji wengi hutoka Poland na Romania. Vipande vingi vimeachwa vikawa vichaka. Mnamo mwaka 1990 eneo la Mosel lilikuwa na zaidi ya hekta 12,000 za mizabibu. Sasa hazifiki 9,000.

Hata maji yametulizwa na binadamu. Mosel ya zamani ilikuwa na kina kifupi na mkondo wa kasi. Mwaka 1956 Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg zilitia saini mkataba wa kuufanya mto upitike na meli kubwa, hasa kwa ajili ya viwanda vya chuma vya Lorraine. Tarehe 26 Mei 1964 Jenerali de Gaulle, Rais Lübke na Duchesi Mkuu Charlotte wa Luxembourg waliufungua kwa kusafiri pamoja melini. Kati ya Trier na Koblenz kuna mabwawa 10. Maji yanayong'aa kama kioo asubuhi ni maji yaliyozuiwa.

Tangu Novemba 2019 kuna daraja kubwa, karibu mita 160 juu ya mto, linalovuka bonde kati ya Ürzig na Zeltingen-Rachtig. Baadhi ya wakulima walilipinga kwa miaka mingi, wakihofia njia za maji ya ardhini yanayonywesha mizabibu yao. Lilijengwa ili kufupisha safari kutoka upande wa Frankfurt kwenda bandari za Ubelgiji. Tulisimama chini yake kula mikate yetu. Malori yanasikika kwa mbali, juu kabisa, na hakuna linaloteremka kijijini.