Mwamba Unakimbia

"Hapa," alisema nahodha, na kijana wake akashusha nanga. Nilitazama huku na huku. Maji matupu. Nilikuja Bagamoyo kutafuta habari za bandari kwa tasnifu yangu ya umahiri, nikaishia ndani ya ngalawa.

"Babu, umejuaje?"

Alinyoosha mkono nchi kavu. Mnara wa kanisa la zamani la misheni, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, ulikuwa umesimama sawasawa nyuma ya mnazi uliopinda. Kisha akaonyesha kusini, upande wa Kaole: ncha ya mikoko imegusa paa la bati. Mnara na mnazi ni mstari mmoja, mikoko na paa ni wa pili. Inapokatana, chini kuna mwamba wenye changu. Sekondari niliitafuta nukta hiyo kwa milinganyo miwili, mwaka mzima, bila kuambiwa nani anaihitaji.

Kwa nini asitumie Boma, linaloonekana vizuri zaidi?

"Liko upande mmoja na mnara. Mistari ikibanana, mwamba unakimbia."

Usiku nikapiga hesabu. Mstari mmoja ukikosewa kwa mita 10 na mistari ikakatana kwa pembe mraba, unaukosa mwamba kwa mita 10. Kwa nyuzi 30, mita 20. Kwa nyuzi 10, karibu mita 58, na hapo utarudi na ndoo tupu.

William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipopima pwani hii miaka ya 1820, naye alisoma pembe kati ya alama za nchi kavu. Zake zikachorwa ramani. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu Dar es Salaam, sababu mojawapo ikiwa kina kifupi cha hapa. Meli kubwa zilitia nanga mbali. Vitabu vyetu vinaiacha Bagamoyo hapo, kana kwamba na bahari ilihama.

Kiwanja chenye mnazi kimeuzwa, nahodha aliniambia tukirudi. Nikaomba niihifadhi nukta kwenye simu kabla mnazi haujakatwa.

"Halafu utampa nani?"

Tasnifu husomwa na yeyote, wakiwemo wenye boti za injini. Nikairudisha simu mfukoni. Na mnazi na paa uliovisoma hapo juu, nimevibadilisha.