Posta ya Wajerumani Mjini Lamu

Katika Usita wa Mui, ile njia nyembamba ikatayo katikati ya mji wa Lamu sambamba na pwani, imo nyumba ya mawe ambayo mpita njia asiye na habari aweza kuipita kama apitavyo nyumba za jirani. Lakini ndimo ilimofunguliwa, tarehe 22 Novemba 1888, posta ya kwanza ya Kijerumani katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki, karibu miaka miwili kabla ya zile za Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam.

Sababu yake haikuwa Lamu, bali Witu. Huko bara Sultani Ahmad, wa ukoo wa Nabhani wa Pate, aliyekuwa na uhasama wa siku nyingi na masultani wa Unguja, alifanya mkataba mwaka 1885 na Mjerumani Clemens Denhardt, naye pamoja na nduguye Gustav wakaitia Witu katika himaya ya Berlin. Lakini bidhaa, wageni na habari za Witu zilipita Lamu, mji ulio chini ya Sayyid wa Unguja. Hivyo Wajerumani wakawa na posta katika mji usio wao, barua zikibandikwa stempu zile zile za Berlin, thamani yake kwa pfenigi, kisha zikapigwa muhuri wenye jina la Lamu.

Nyumba za mawe za Lamu zilifaa kazi hiyo kwa namna ya ajabu. Kuta zake nene za matumbawe na chokaa hustahimili joto. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Na penye mlango lipo daka, lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo tangu zamani mwenye shughuli huketi, akasikizwa haja yake na kuondoka pasi na kuingia ndani kwa watu. Sidhani kama mjenzi wa Ulaya angebuni mahali bora pa kungojea barua.

Lakini Wajerumani na Waingereza waligombana hapo Lamu, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya forodha. Kampuni ya Kijerumani ya Witu iliitaka, na kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa, nayo iliitaka. Shauri likapelekwa kwa Baron Lambermont, Mbelgiji aliyeshiriki Mkutano wa Berlin. Naye Agosti 1889 akahukumu kwamba Sayyid Khalifa yu huru kumpa forodha amtakaye, na Sayyid akawapa Waingereza. Mei 1890 Waingereza wakafungua posta yao papo hapo Lamu. Tarehe 1 Julai mkataba wa Heligoland ukaiondoa Witu mikononi mwa Ujerumani. Na Machi 1891 posta ya Kijerumani ikafungwa, haijatimiza miaka mitatu.

Tangu 1996 nyumba ni makumbusho, na bahasha zenye muhuri wake hutafutwa sana na wakusanyaji wa stempu. Mimi naona kibao cha mlangoni kingestahili kuanza na mafundi wa Lamu waliochonga mawe na kupanga boriti, ndipo Wajerumani wafuate.