Jina la Jani Si Kipimo cha Mvua: Visukuku vya Mikunde vya Mahenge, Singida

Wapo wataalamu wa mimea ya kale wanaoshikilia kwamba ukishaitambua jenasi ya kisukuku, umekwishayajua na mazingira yake: tazama jamaa zake walio hai wanaota wapi, kisha irudishe hali hiyo ya hewa mamilioni ya miaka nyuma. Kwa mikunde ya Afrika njia hii inapotosha, na ushahidi uko nchini mwetu.

Mahenge ninayoizungumzia si ile ya Ulanga. Ni ya Singida. Hapo mlipuko wa volkeno ya kimbalaiti uliacha shimo, shimo likawa ziwa, na matope ya ziwa yakahifadhi samaki, vyura, popo na majani ya takriban miaka milioni 46 iliyopita. Mwaka 2000 Patrick Herendeen na Bonnie Jacobs walieleza mikunde ya hapo. Jani moja waliliita Aphanocalyx singidaensis. Jingine walilihusisha na Acacia. Spishi nyingi za Aphanocalyx leo ni miti ya misitu ya mvua ya magharibi na kati ya Afrika. Kwa hoja ya wapinzani wangu, basi, Singida ilikuwa msitu mnene. Lakini Jacobs na Herendeen walipopima ukubwa na umbo la majani yote ya Mahenge, mwaka 2004 walikadiria mvua ya kama milimita 660 kwa mwaka. Hiyo ni mvua ya pori la miti, mithili ya miombo.

Tofauti hii haishangazi kwa anayepita kwenye soko la vinyago la Mwenge. Nilichukua kipande cha mninga, Pterocarpus angolensis, kilichotupwa chini ya meza ya fundi. Nikakichonga kwa wembe ubavuni, nikakilowesha, nikakitazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Mistari myembamba ilijipanga sambamba kama mawimbi ya maji kupwa: ni miale ya mti iliyopangika kwa ghorofa. Alama hiyo inaelekeza kwenye mikunde ya kundi la Papilionoideae. Haisemi lolote juu ya mvua. Mninga ni mti wa miombo; nduguye wa jenasi hiyohiyo, Pterocarpus soyauxii, huota katika misitu ya mvua ya Kameruni na Kongo, na mbao zake nazo zina ghorofa zilezile. Lau vipande hivi vingekuwa mawe, mwenye kutegemea jina angevipa hali moja ya hewa, akakosea kimoja kati ya viwili.

Itadaiwa kwamba jani pekee, bila tunda, halitoshi hata kulitambua. Ni kweli kwamba kifundo kilichovimba kwenye kikonyo, ambacho ndicho humwezesha mkunde kukunja majani yake usiku, kipo pia kwa mimea ya familia ya Connaraceae. Hata hivyo, kifundo pamoja na vijani vyenye kitako kisicholingana pande zake na mpangilio wa mishipa hadi ile midogo kabisa hujenga hoja nzito. Ndiyo maana nasisitiza maelezo ya viungo yaandikwe kamili kabla ya jina kutolewa. Majina huhama: mwaka 2005 jina Acacia lilibakizwa kwa miti ya Australia, migunga yetu ikawa Vachellia na Senegalia, mwaka 2017 familia ya mikunde ikagawanywa upya katika makundi sita, na Aphanocalyx ikatolewa Caesalpinioideae ikaingia Detarioideae. Mshipa uliochorwa vizuri mwaka 2000 haukuhama.

Aphanocalyx ni jamaa wa karibu wa Brachystegia na Julbernardia, miti inayoifanya miombo kuwa miombo. Kuikuta Singida katika nchi kavu kiasi hicho kunanifanya niamini kwamba ukoo huu ulizoea ukame mapema sana, na kwamba huenda jamaa zake wa msitu wa mvua ndio waliohama, si hawa wa kwetu.