Louis Sokoloff: Aliyepima njaa ya ubongo

Agosti mwaka 1976 watu wawili wenye afya njema, waliojitolea katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, walidungwa sindano ya sukari yenye mionzi iitwayo FDG na kupigwa picha za ubongo. Sukari hiyo ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, ikakimbizwa Philadelphia kwa ndege, kwa sababu kila zinapopita dakika 110 hivi nusu ya mionzi yake huwa imekwisha. Leo dawa hiyo hiyo humwonyesha daktari saratani imesambaa wapi mwilini. Nairobi zipo hospitali zinazoitumia kwenye mashine za PET, huduma ambayo kabla ya hapo wagonjwa wengi wa ukanda wetu waliifuata India. Mashine ya namna hii inapozinduliwa, hotuba hutaja bei yake, aliyeifadhili na mheshimiwa aliyekata utepe. Louis Sokoloff hatajwi. Ni upungufu mkubwa, kwa sababu swali lililozaa dawa hii halikuhusu saratani hata kidogo. Lilikuwa swali ambalo mhasibu wa serikali angelifuta kwa kalamu nyekundu: mtu anapofikiri, ubongo wake hula zaidi?

Sokoloff alizaliwa Philadelphia mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi. Kwa maelezo yake mwenyewe, babu yake alimshauri achague kazi ambayo mali yake yote itakaa kichwani, maana mali nyingine Myahudi anaweza kunyang'anywa siku yoyote. Akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1946, akatumikia jeshi katika kitengo cha magonjwa ya akili, na mwaka 1949 akajiunga na maabara ya Seymour Kety. Kety na mwenzake Carl Schmidt walikuwa tayari wamevumbua njia ya kwanza ya kuaminika ya kupima ubongo wa binadamu aliye macho. Mtu huvuta kwa dakika 10 hewa iliyochanganywa na kiasi kidogo cha naitrasi oksaidi, ile gesi ya ganzi ya madaktari wa meno. Wakati huohuo damu huchotwa kwa sindano kutoka kwenye ateri na kutoka kwenye mshipa mkubwa wa shingo, karibu kabisa na fuvu. Tofauti ya damu inayoingia na inayotoka hueleza ubongo umepitisha damu kiasi gani na umebakiza oksijeni kiasi gani. Kwa kijana mwenye afya walipata mililita 54 za damu na mililita 3.3 za oksijeni kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika. Yaani kiungo chenye asilimia 2 tu ya uzito wa mwili hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni ya mwili mzima uliopumzika.

Hapo ndipo palipoibuka fumbo. Kety alikuwa amewapima watu wenye skizofrenia na kukuta ubongo wao unatumia oksijeni sawa na wa watu wengine. Kisha Sokoloff na wenzake wakafanya jaribio walilolichapisha mwaka 1955, ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote. Waliwalaza vijana waliojitolea, wakawachoma zile sindano, wakawapima wakiwa wametulia, kisha wakawapa hesabu za kufanya kichwani na kuwapima tena. Jibu likawa kwamba hakuna kilichobadilika: damu haikuongezeka, wala oksijeni. Matokeo ya namna hii yana hatari mbili. Mtafiti mvivu huyatupa kapuni kwa kuwa hayana habari ya kusisimua. Mtafiti mwenye haraka hutangaza kwamba kufikiri hakugharimu kitu, na magazeti yakampokea kwa shangwe. Sokoloff hakufanya lolote kati ya hayo. Aliona kwamba kipimo cha Kety kilikuwa kama mita ya umeme ya nyumba nzima, ambayo haiwezi kusema taa ya chumba kipi imewashwa na ya kipi imezimwa. Kama hesabu zinaamsha sehemu ndogo tu, na pengine nyingine zinatulia, jumla haitacheza. Basi kilichotakiwa ni kupima kila chumba peke yake.

Mtu anaweza kupinga kwamba jaribio lenyewe lilikuwa bovu: nani "ametulia" huku ana sindano shingoni? Pingamizi hilo lina uzito. Lakini halimwondolei Sokoloff sifa. Linaongeza tu sababu ya pili ya kutoridhika na mita moja. Ubongo uliolala kitandani bila kazi haujazimika, na miongo kadhaa baadaye, mwaka 2001, Marcus Raichle wa St. Louis aliuonyesha mtandao mzima wa sehemu za ubongo unaochangamka hasa pale mtu asipokuwa na kazi maalumu.

Kazi ya kupima chumba kwa chumba ilichukua zaidi ya miaka 20. Sokoloff, aliyehamia Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili huko Bethesda mwaka 1953, alianza na wenzake kutumia gesi yenye mionzi kuchora mtiririko wa damu katika ubongo wa paka, na wakaona mwanga ukimulika macho, damu huongezeka katika sehemu za kuona. Wengi wangeishia hapo. Yeye alisema damu ni mletaji tu, na alitaka kumpima mlaji. Tatizo ni kwamba glukosi, chakula kikuu cha ubongo, huvunjwavunjwa haraka na mabaki yake kuondoka kabla hujaweza kuyapiga picha. Suluhisho lilikuwa deoksiglukosi, sukari iliyopungukiwa atomu moja ya oksijeni. Seli huipokea kama glukosi halisi, kimeng'enya cha kwanza huibandika fosfeti kama kawaida, lakini kimeng'enya kinachofuata hushindwa kuishughulikia, nayo hubaki imenasa ndani. Ukiitia kaboni yenye mionzi, ukangoja dakika 45, ukaugandisha ubongo wa mnyama na kuukata vipande vyembamba juu ya filamu, sehemu iliyokula sana hutokea nyeusi zaidi. Mwaka 1976 kundi lake lilionyesha kwa nyani aliyefunikwa jicho moja mistari inayopishana ya jicho la kulia na la kushoto, na hata mahali panapowakilisha doa pofu la jicho. Maelezo kamili, pamoja na mlinganyo wa kugeuza weusi wa filamu kuwa kiasi cha glukosi, yalitoka mwaka 1977.

Ugomvi haukukawia. Hoja ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu: kama ubongo una kimeng'enya cha kuibandua ile fosfeti, basi sukari iliyonaswa inatoroka, na hesabu zote za Bethesda ni pungufu. Mwaka 1982 Huang na Richard Veech walichapisha vipimo vilivyodai kwamba utorokaji huo upo na si mdogo. Sokoloff hakujibu kwa cheo wala kwa tuzo, ingawa mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Lasker, miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za tiba Marekani. Kundi lake lilirudia jaribio la wapinzani, likaisafisha glukosi kwa makini zaidi kabla ya kuipima, na mwaka 1985 likaandika katika jarida la Science kwamba dalili za utorokaji hazionekani tena. Zilitokana na uchafu uliobaki kwenye sampuli. Wapo waliosema mabishano hayo yalikuwa kupoteza muda juu ya kimeng'enya kimoja. Ukweli ni kwamba kila namba inayosomwa leo kwenye picha ya FDG ya ubongo inategemea sukari hiyo kubaki ndani ya seli kwa muda wa kutosha.

Pingamizi zito zaidi ni la sifa. FDG yenyewe iliundwa kwanza na wanakemia wa Prague mwishoni mwa miaka ya 1960. Tatsuo Ido, Alfred Wolf na Joanna Fowler ndio walioitengeneza Brookhaven ikiwa na florini yenye mionzi, Abass Alavi ndiye aliyewadunga wale watu wawili, na David Kuhl alikuwa gwiji wa mashine za kupiga picha. Kwamba saratani hupenda glukosi, Otto Warburg alilieleza tangu miaka ya 1920. Yote ni kweli, na anayemwita Sokoloff mvumbuzi pekee anapotosha. Ila watu hawa walikusanyikaje kwenye kazi moja? Kiungo chao alikuwa Martin Reivich wa Philadelphia, aliyewahi kufanya kazi na Sokoloff na ambaye jina lake limo kwenye makala ya 1977. Walihitaji sukari inayonasa na kuonekana nje ya fuvu kwa sababu Bethesda ilikuwa imeonyesha kwamba sukari inayonasa inapimika. Bila mlinganyo ule, picha za wale watu wawili wa Philadelphia zingekuwa pambo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Raichle na Peter Fox walionyesha mwaka 1988 kwamba sehemu ya ubongo inayotazama huongeza glukosi kwa takriban nusu huku oksijeni ikipanda asilimia 5 tu; Luc Pellerin na Pierre Magistretti wa Lausanne wakapendekeza mwaka 1994 kwamba seli saidizi hugeuza glukosi kuwa lakteti na kuilisha neva, na wataalamu wanabishana hadi leo.

Nobel ilikwenda kwa waliovumbua CT mwaka 1979 na kwa wa MRI mwaka 2003. Sokoloff alifariki mwaka 2015, akiwa na miaka 93, bila kuipata. Lakini dharau inayotuhusu sisi si ya Stockholm. Tunanunua mashine kwa mabilioni, tunalipia matengenezo, kisha tunawaambia wanasayansi vijana walete utafiti "wenye tija ya haraka." Wapo watakaojibu kwamba nchi yenye foleni ya wagonjwa haina anasa ya kuuliza kama hesabu hula oksijeni. Foleni ipo, na mgonjwa atangulie. Ila mashine iliyokwisha kununuliwa na saiklotroni inayozalisha dawa kila siku ya kazi ni vifaa ambavyo Kety mwaka 1945 hakuwa hata na ndoto yavyo, na gharama ya kumweka mtafiti mmoja karibu navyo ni ndogo mno kulinganisha na bei yake. Wizara za afya na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinavyoandika bajeti za mashine hizi viandike humo humo fungu la mtu wa kuuliza maswali.