Waliouliza Kabla ya Moto wa Kanungu

Mwaka 1992, huko Kabumba katika eneo la Ntungamo, kusini-magharibi mwa Uganda, familia ya Joseph Kibwetere ilikata shauri: watu wa sala waliokuwa wamejaa nyumbani kwao tangu 1989 watoke. Watu hao walikesha, walifunga, walisema wanapokea ujumbe wa Bikira Maria, na idadi yao iliongezeka hata mji wa mtu mmoja ukawa kambi. Mashine za kusaga zilikuwa zimeuzwa, gari limeuzwa, mali nyingine nazo zikafuata, fedha zote zikaingia katika kulisha waumini na kutafuta wengine. Watoto walilazwa kando na wazazi wao. Neno la mwisho lilikuwa la mgeni, Credonia Mwerinde, na mama mwenye nyumba, Theresa, hakuwa tena na kauli katika mji wake. Wazee wa kijiji waliiunga mkono familia, kundi likatoka. Baba mwenye nyumba akafungasha akaondoka nalo.

Miaka minane baadaye, asubuhi ya Ijumaa tarehe 17 Machi 2000, jengo la ibada la kundi hilo huko Kanungu liliwaka moto, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Mamia ya watu waliungua humo, wengi wao wanawake na watoto. Dunia ikalijua jina refu la kundi hilo, Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, siku ambayo karibu kila aliyekuwa nalo alikuwa ameshakufa.

Kanungu imeandikwa sana kama habari ya watu waliofumba macho. Lakini anayeifuatilia miaka ya nyuma yake anakutana na watu walioona mapema, wakatoka, wakasema. Alikuwapo mke, wakawapo watoto wa kuzaa, akawapo padri, na mwishoni, kwa mujibu wa masimulizi mengi, wakawapo wakulima waliotaka mali yao irudi.

Mahali penyewe panaeleza mengi. Katika milima ya Kigezi, sauti ya mwanamke anayesema kwa niaba ya aliye juu haikuwa jambo geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa huko walifuata roho wa Nyabingi, ambaye wasemaji wake wakuu walikuwa wanawake, na mmoja wao, Muhumuza, aliwasumbua Waingereza hadi wakamkamata mwaka 1911. Miaka ya 1930 uamsho wa Balokole ulivuka kutoka Rwanda ukafundisha watu kuungama dhambi hadharani. Mwaka 1981, huko Kibeho nchini Rwanda, wasichana wa shule walisema wametokewa na Bikira Maria, na habari hizo zikavuka mpaka. Kisha kulikuwa na maisha yenyewe: vita vya kumwondoa Amin, vita vya porini vilivyomwingiza Museveni madarakani mwaka 1986, halafu UKIMWI, uliozika vijana na kuacha bibi wakilea wajukuu. Mtu aliyehubiri kwamba nyakati zinakwisha hakuhitaji kubuni ushahidi. Msikilizaji alikuwa nao nyumbani.

Mwerinde aliwahi kuendesha kilabu cha pombe mjini Kanungu. Mwaka 1988 alisema amemwona Bikira Maria kwenye miamba ya mapango ya Nyabugoto, karibu na kwao. Mwaka uliofuata akakutana na Kibwetere, mtu wa hadhi tofauti kabisa: mwalimu, msimamizi wa shule, Mkatoliki anayeheshimiwa, mwanasiasa wa chama cha Democratic Party. Naye alisema amepata maono yake miaka michache kabla. Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa. Baadaye alijiunga nao Dominic Kataribabo, padri aliyekuwa gombera wa seminari ya Kitabi na aliyesomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Loyola Marymount, Los Angeles. Kwa mkulima wa Rukungiri au Bushenyi, padri msomi na mwalimu mstaafu walikuwa dhamana ya kutosha.

Aliyewahi kuieleza vizuri zaidi dhamana hiyo kutoka ndani ni Paul Ikazire, padri Mkatoliki aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kundi, akatoka mwaka 1994 na kurudi katika kanisa lake. Baada ya moto aliwaeleza waandishi wa habari namna vikao vilivyokwenda. Mwerinde alijitenga chumbani, akarudi na maagizo aliyodai ametoka kupewa na Bikira Maria, na wengine wakayapitisha. Kibwetere alikuwa sura ya mbele, mtu wa kuonyeshwa kwa askofu na kwa serikali, lakini uongozi ulikuwa wa Mwerinde, ambaye wafuasi walimwita mpanga ratiba. Padri huyo alisema pia kwamba mwanamke yule alitawaliwa na tamaa ya mali za watu.

Maelezo hayo yanalingana na yale ya familia ya Kibwetere, waliomjua Mwerinde katika jiko na vyumba vyao. Watu hawa hawakuwa na sababu ya kutunga pamoja, na walitoka kwa njia tofauti, mmoja kwa kuondoka na wengine kwa kuondokewa na baba. Bado kwa miaka mingi magazeti, polisi na wananchi waliendelea kulitaja kundi kwa jina la Kibwetere. Kila aliyetaka kulihoji alianza kwa kumtafuta mtu ambaye huenda hakuwa na majibu.

Kutoka Ntungamo kundi lilihamia Kanungu, kwenye ardhi ya ukoo wa Mwerinde, mahali palipoitwa Ishayuriro rya Maria, pa kuokolewa na Maria. Hapo palijengwa mabweni, shule, mashamba na nidhamu. Anayeingia aliuza alichokuwa nacho, akaleta fedha. Wageni walivaa nyeusi, walioendelea wakavaa kijani, na waliokwisha kupanda daraja kijani na nyeupe. Siku za Jumatatu na Ijumaa walifunga. Mume na mke walitengana, watoto wakawekwa peke yao.

Amri iliyokuwa na nguvu kuliko zote ilikuwa ya kunyamaza. Ulimi, walifundishwa, ndio unaoshuhudia uongo, basi ufungwe. Nje ya sala na nyimbo waumini waliwasiliana kwa ishara za mikono. Wengi wa waliopita pale waliona utakatifu, na pengine kwa muumini wa kawaida ulikuwa utakatifu kweli. Watu hawa waliacha kila kitu kwa kutaka kumpendeza Mungu, na haifai kuwadharau kwa hilo. Lakini mtu anayeruhusiwa kunyoosha kidole kuomba maji hawezi kwa kidole hicho hicho kuuliza fedha za shamba lake zimekwenda wapi. Hawezi kumnong'oneza jirani yake kwenye mkeka kwamba na yeye ana shaka. Shaka ya watu mia inayokaa ndani ya vichwa mia haifiki popote, na waliotunga amri ile, wawe walikusudia au hawakukusudia, walifaidika nayo kila siku.

Nje ya uzio hali ilikuwa tofauti. Huko watu walisema, na kulikuwa na ofisi za kuwasikiliza. Kanisa Katoliki liliwasimamisha mapadri waliojiunga na kundi, hatua ya kinidhamu ambayo kwa wafuasi ilithibitisha tu kwamba maaskofu wameiacha kweli. Serikali nayo ililiandikisha kundi kama shirika lisilo la kiserikali. Mwaka 1998 lilifungiwa kwa sababu ya uchafu na kutumikisha watoto, kisha likaruhusiwa kuendelea. Baada ya moto, ofisa mmoja wa utawala alikamatwa akituhumiwa kuikalia ripoti ya usalama iliyolitaja kundi hilo kuwa hatari.

Kwa nini malalamiko hayakushika? Sehemu ya jibu iko katika aina ya hofu iliyokuwapo. Uganda ilikuwa imepambana na jeshi la Alice Lakwena mwaka 1987, na bado ilikuwa inapigana na Joseph Kony kaskazini. Dini hatari, kwa macho ya serikali, ilikuwa dini yenye bunduki. Mwezi Machi 1999 waasi wa Kihutu kutoka ng'ambo ya mpaka waliwaua watalii 8 katika msitu wa Bwindi, jirani kabisa na Kanungu, na vyombo vya ulinzi vya eneo hilo vikaelekeza macho Kongo. Watu wa Ishayuriro hawakuwa na silaha. Walikuwa watulivu, walifanya kazi, viongozi wao waliwasalimu maofisa kwa heshima. Mke anayelalamika kwamba mumewe amechukuliwa, au kijana anayedai ardhi ya baba yake imeuzwa, alionekana ameleta ugomvi wa nyumbani. Hapo ndipo kosa lilipokaa. Katika makundi ya namna hii ugomvi wa nyumbani ndiyo dalili ya kwanza, kwa sababu nyumba ndiyo ya kwanza kuvunjwa.

Viongozi walikuwa wametangaza kwamba nyakati za sasa zitakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita. Januari ilipoingia na jua likachomoza kama kawaida, inasemekana baadhi ya waumini walipata ujasiri wa kuuliza waziwazi, na swali lao halikuwa la teolojia: waliuza ng'ombe, mbuzi na viwanja kwa bei ya kutupa, nani atawarudishia? Tarehe mpya ikatajwa. Katikati ya Machi kukawa na maandalizi ya sherehe, fahali wakachinjwa, kreti za soda zikanunuliwa, na maofisa wakaalikwa kwa hafla ya tarehe 18. Moto ukatangulia kwa siku moja.

Mwanzoni polisi walidhani ni watu waliojiua kwa imani. Wiki ile iliyofuata wakaanza kufukua. Huko Buhunga walipata miili 153. Huko Rugazi, katika nyumba ya Kataribabo, 155, mingine ikiwa chini ya sakafu. Buziga, kitongoji cha Kampala, ilitoa 55. Wafungwa walitumwa kuitoa miili hiyo bila vifaa vya maana, na mingi ikazikwa tena bila kutambuliwa. Jumla ya vifo inatajwa kuanzia zaidi ya 700 hadi kupita 900.

Kutokana na makaburi hayo yaliibuka maelezo yanayokubalika zaidi: kwamba waliodai mali zao baada ya Desemba waliitwa mmoja mmoja na kuuawa. Richard Vokes, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wa miaka mingi huko na kuchapisha kitabu mwaka 2009, aliyapinga. Anaona baadhi ya waliozikwa huenda walikufa mapema zaidi, kwa malaria iliyoenea eneo hilo. Uchunguzi wa kitaalamu wa miili ungeamua. Ulifanyika haraka na kwa uchache, na sasa kila upande unajenga hoja juu ya mashimo yaliyokwisha kufunikwa. Serikali ilitangaza tume ya uchunguzi, lakini tume hiyo haikuwahi kufanya kazi, sababu ikitajwa kuwa ukosefu wa fedha. Hati za kuwakamata viongozi zilitolewa Aprili 2000. Hakuna kiongozi aliyefikishwa mahakamani. Mwaka 2014 polisi walisema wana taarifa kwamba Kibwetere huenda yuko Malawi, na habari ikaishia hapo.

Tume ingekuwa na maana kubwa hasa kwa waliotoka. Theresa Kibwetere na wanawe, Padri Ikazire na wengine waliokimbia kambi walihojiwa na waandishi wa habari kutoka kila pembe ya dunia kwa wiki kadhaa, kisha kamera zikaondoka. Waliyosema yamebaki vipande katika magazeti. Hakuna wakili aliyewauliza kwa utaratibu nani walimpelekea taarifa, mwaka gani, katika ofisi ipi, na akawajibu nini.

Kenya ililipa gharama ya somo hilo hilo la kutowasikiliza waliotoka. Paul Mackenzie alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Mwaka 2017 alishtakiwa kwa sababu ya shule isiyosajiliwa, na mwaka 2019 kanisa likafungwa, naye akahamia msitu wa Shakahola. Mhubiri aliyekuwa msaidizi wake, aliyejitoa miaka kadhaa kabla, aliviambia vyombo vya habari kwamba alipeleka taarifa polisi na hakusikilizwa. Machi 2023 Mackenzie alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata ufukuaji ulianza, na miili ikapita 400. Mackenzie amekana mashtaka. Hata hivyo huko angalau kesi zimefunguliwa, na waliokuwa wafuasi wameitwa Mombasa kutoa ushahidi, neno kwa neno, mbele ya karani anayeandika.

Uganda bado inaweza kufanya hivyo. Eneo la kanisa la Kanungu sasa ni shamba la chai, lakini watu waliotoka kundini miaka ya 1990 wapo, katika vijiji vya Ntungamo, Rukungiri na Kanungu yenyewe. Aliyekuwa na miaka 30 alipoondoka mwaka 1994 amekwisha kuvuka 60. Kinachotakiwa ni jaji, karani, mkalimani wa Kinyankole na Kikiga, na bajeti ya miezi michache, ile ile iliyokosekana mwaka 2000.